Mita, Mtu Asiyefuata Maandishi

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mliofika kumsindikiza marehemu. Kamati ya mazishi imenipa dakika kumi hapa mbele na ukurasa mmoja na nusu kwenye programu. Mwenyekiti wa kamati amenirudia mara tatu kunisihi niwe mfupi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na tabia ya kupewa dakika ishirini nikatumia saa nzima. Mwenye tabia hiyo ndiye huyu aliyelala. Mimi ni dada yake mkubwa, nimefanya kazi ya karani mpiga chapa miaka thelathini na sita, na ninachosoma ndicho nilichokichapa. Nikizidisha muda, deni hilo ni la marehemu.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, fundi baiskeli, na mama yetu, mfuaji nguo wa hospitali. Alitarajiwa mwishoni mwa Februari. Alipotoka hakulia. Mkunga alimpiga kofi moja, la pili, kimya. Nilikuwa na miaka minne, nimekaa nje ya mlango, na ukimya ule naukumbuka kwa sababu bibi aliyekuwa akifagia uani aliacha kufagia. Mkunga alipogeuka ampe bibi habari mbaya, mtoto akapiga ukelele uliosikika mtaa wa pili. Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Mtu anayepokewa duniani kwa namna hiyo, utamfundisha nini tena? Wazazi walijaribu, walimu walijaribu, na mimi nimejaribu mpaka juzi.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza mwaka 1971. Mwaka 1967, akiwa darasa la tatu nami darasa la saba, alichaguliwa kusoma shairi la beti sita siku ya kufunga shule. Nilimfundisha shairi lile jikoni wiki mbili nzima. Ubeti wa tatu ukampotea. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na wanakwaya, nikamnong'oneza, "Asiyesikia la mkuu." Hakusema. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama dari. Watu wakaanza kucheka, mwalimu mkuu akavua miwani akafuta macho. Ndipo akasema, taratibu, "Asiyesikia la mkuu," na ukumbi ukavunjika mbavu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kama hakunisikia.

"Nilikusikia, Dada," akanijibu. "Nilikuwa naangalia watacheka mpaka wapi."

Alikuwa na miaka kumi. Nilimchapa kwa daftari la hesabu, na bado naona nilimchapa kidogo.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, akiwa na alama za kutosha kufaulu na hakuna hata moja ya ziada. Alimsaidia baba kuziba pancha kwa miaka miwili na ushee, kisha tarehe 2 Mei 1978 akaajiriwa na idara ya maji kama msoma mita. Aliifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017, na huko ndiko alikopata jina la Mita, ambalo wengi wenu mnadhani ndilo alilopewa na wazazi.

Kazi ya kusoma mita inampa mtu ruhusa ya kuingia kila ua. Mita iko nyuma ya nyumba, karibu na jiko, karibu na kamba ya nguo, yaani pale ambapo watu wanagombana. Mfanyakazi mwingine angeinama, angeandika tarakimu zake, angeenda. Mdogo wangu aliinama, akaandika, halafu akabaki ameinama anasikiliza. Mwezi mzima alisoma mita, na Jumamosi moja ya mwezi alitusomea watu.

Hapo naingia kwenye Ukumbi. Wageni mnisamehe, nieleze. Nyuma ya duka la mbao kuna chumba kirefu kilichokuwa karakana ya seremala. Mwaka 1989 majirani walikifanya ukumbi wa maigizo wa mtaa. Kina viti sitini na viwili vya aina tano, jukwaa la mbao ambalo ubao wa nne unalia ukikanyagwa, na pazia la kahawia alilolishona wifi yangu, mke wa marehemu, kwa mashuka saba. Huko marehemu aliigiza peke yake kwa miaka thelathini na minne. Hakutaka mwenzake jukwaani wala muziki. Alivaa kofia ya kazi, akashika tochi ya kusomea mita, akasimama akawa mama mwenye nyumba, mpangaji, mbwa, na bomba linalovuja, wote kwa mdomo mmoja.

Nasema peke yake kwa sababu ndivyo tangazo la mlangoni lilivyoandikwa. Nyuma ya pazia, kwenye kigoda chenye mguu mmoja mfupi, nilikaa mimi. Nilichapa kila mchezo wake kwa mashine yangu, kurasa kumi na nane au ishirini, nafasi mbili kati ya mistari, nikazishika magotini ili akisahau nimnong'oneze neno. Na hakuna siku, ndugu zangu, hakuna Jumamosi hata moja, ambayo mtu huyu alifuata kilichochapwa. Ukurasa wa kwanza yumo. Wa pili yumo nusu. Baada ya hapo anatoka kama mbuzi aliyekata kamba, na mimi nyuma ya pazia nafukua karatasi, ukurasa wa tisa, ukurasa wa kumi na nne, nimebana kalamu kwa meno, namtafuta yuko wapi. Halafu ananyamaza. Sasa je, amesahau au anatega? Nikimpa neno mapema, ananuna kwa kuwa nimemharibia kicheko. Nikichelewa, ananuna kwa kuwa nimemwacha mkiwa. Ukimya ule mliupenda sana. Mlikuwa mnakuja kwa ajili yake. Mimi uliniotesha mvi kabla ya dada zangu wa kazini.

Yako malalamiko yaliyofika idarani, na barua zake nimeziona. Mnakumbuka mchezo wa bibi na bwana waliokaa miezi minane hawasemeshani, wanatumiana salamu kwa msoma mita? "Mwambie huyo mzee maji yamekatika." "Mwambie huyo mama nina macho, nimeona." Wenyewe walikuja Ukumbini. Mama alikaa mwisho huu, bwana akakaa mwisho ule, wakacheka mpaka machozi, kila mmoja ana hakika ni watu wa mtaa wa juu. Mwezi uliofuata marehemu alipoenda kusoma mita yao, mama akamwambia, "Mwambie huyo bwana tumeonwa." Bwana akajibu kutoka barazani, mwenyewe, bila kumpitia mtu, kwamba amesikia. Wameketi mstari wa tano hapo, na leo wamekaa pamoja. Mkubwa wake wa kazi alimpa onyo la maandishi hata hivyo.

Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985 marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye mita yake aliisoma mara tatu katika mwezi mmoja bila idara kujua sababu. Msajili alipomuuliza kama anakubali, unadhani alisema nini? Alinyamaza. Alitazama kulia, alitazama kushoto. Baba alianza kukohoa. Mimi nilishafungua mdomo nimnong'oneze, maana mazoea yana taabu, lakini bibi harusi akanitangulia. Alimwambia msajili, "Andika tu, amekubali. Huyu tukimngoja tutalala hapa." Siku hiyo niliona nimepata msaidizi. Walijaliwa watoto watatu na waliishi kwa kusikilizana miaka thelathini na minane, na mtu asiyemjua wifi yangu ajue kwamba kusikilizana huko kulifanywa zaidi na upande mmoja.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Nilitaka kuandika mistari miwili kama ilivyo kawaida: aliugua, akatibiwa, akafariki. Nimeshindwa, na watu wa Ukumbini mnajua kwa nini.

Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023, saa kumi alasiri, viti vyote vilijaa. Alikuwa amenipa mchezo nichape, kurasa kumi na tisa, kuhusu jirani mwenye bomba. Nilichapa vizuri. Alipopanda jukwaani hakusema hata neno moja la bomba. Alianza kusimulia habari za dada mmoja anayekaa nyuma ya pazia na karatasi ambazo hakuna anayezifuata. Aliigiza ninavyolamba kidole kufungua ukurasa. Aliigiza kigoda changu kinavyoyumba. Aliigiza ninavyonong'ona kwa sauti ambayo, kwa maneno yake, inasikika mpaka duka la mbao. Mlicheka. Msikatae, nilikuwa nawasikia. Mzee wa Funguo, mtunza ukumbi wetu, ambaye siku zote hucheka kabla ya kichekesho, alikuwa anapiga goti kwa kofia.

Mimi nilifura. Roho iliniuma, na naisema wazi mbele ya kaburi hili. Miaka thelathini na minne nimemchapia, nimemshikia karatasi, nimemwokoa mara ngapi, na malipo yangu ni kuchekwa na watu sitini na wawili nikiwa nimekaa gizani. Nikafunga kurasa zangu zote kumi na tisa. Nikakunja mikono. Nikasema moyoni, leo ukisahau, usahau.

Akanyamaza.

Aligeuka akatazama pazia. Kuna tundu dogo ninalochungulia, kwa hiyo nilimwona. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikajua anataka nimpe neno ili wanicheke zaidi, nami sikumpa. Nyinyi mkacheka. Ukimya ukaendelea, kicheko kikapanda. Akakaa chini polepole juu ya ule ubao wa nne, ukalia, na mkapiga makofi. Wifi yangu ndiye aliyesimama katika mstari wa tatu akasema, "Nyamazeni. Huyo haigizi."

Kilikuwa kiharusi. Madaktari walituambia kuna mshipa kichwani uliokuwa umeziba, na kwamba dakika ile moja au mbili za kicheko hazikubadilisha kitu. Niliwauliza madaktari watatu. Wote walinijibu vilevile na wote sikuwaamini. Tangu siku hiyo, kila ninayekutana naye sokoni ananishika mkono anasema, "Dada, tulicheka." Nami namjibu, "Najua." Sikuwahi kumwambia yeyote kwamba wakati nyinyi mnacheka, mimi niliyekuwa na neno mkononi nilinyamaza makusudi. Mngejuaje? Kazi ya kujua ilikuwa yangu.

Marehemu aliishi miezi saba mingine, upande wa kulia umelala na maneno yamemchanganyikia. Alitaka maji akasema kiti. Alimwita binti yake mkubwa, ambaye ni nesi, akamwita saa. Nilienda kila siku baada ya chakula cha mchana, nikakaa karibu na kitanda, na kazi ikawa ileile. Yeye anakwama, mimi namletea maneno matatu, achague kwa kuinamisha kichwa. Dirisha? Mto? Redio? Na hata hapo alinisumbua. Nilimletea neno sahihi akalikataa, akanifanya nitaje vyombo vyote vya nyumba ile, kisha akarudi kwenye lile la kwanza na mdomo umepinda upande mmoja. Wifi yangu alikuwa anacheka jikoni. Nikamwambia, "Wifi, mumeo ni mgonjwa lakini hajabadilika."

Siku moja mwezi Mei nilimwambia. Tulikuwa wawili tu. Nilimwambia, "Mdogo wangu, siku ile neno nilikuwa nalo. Nilinuna. Nilinyamaza makusudi." Alinitazama kwa muda mrefu. Sikujua kama ni ugonjwa au ni ule ukimya wake wa kutega. Kisha akainua mkono wa kushoto akaonyesha juu ya kabati.

Nikashusha kofia. Akatikisa kichwa. Nikashusha saa, sanduku la dawa, taa, picha ya wazazi. Hapana, hapana, hapana. Lilibaki begi lake la kazini, limejaa vumbi, na nikaona mtu mgonjwa hatahitaji begi la idara ya maji. Sikuligusa. Nikamwambia, "Usinichoshe, pumzika." Akafumba macho, akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyechoshwa na dada yake. Siku zile zilizobaki sikumuuliza tena, na yeye hakuonyesha tena. Nilibaki nikijua kwamba hakunijibu.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe na binti yake mkubwa wakiwa kando. Mimi nilikuwa njiani. Hata hilo alilifanya bila kunipa taarifa.

Alhamisi nilikaa kuandika wasifu huu, na kwa kuwa mimi si mtu wa kubahatisha tarehe, nilimwomba wifi barua yake ya ajira. Wifi akapanda kwenye stuli akashusha begi la kazini. Ndani mlikuwa na barua, ile niliyoitaka, na chini yake daftari la shule lenye mwandiko wake mbaya. Juu ameandika tarehe ya ule mchezo wa Novemba. Hakunipa nichape kwa sababu mchezo ulikuwa wangu, na asingeweza kuniomba nichape kuchekwa kwangu mwenyewe.

Niliusoma nimesimama. Maneno yote aliyoyasema siku ile yamo, kwa mpangilio uleule: kidole, kigoda, duka la mbao. Hakuruka hata moja. Nawasomea sehemu ya mwisho kama alivyoiandika, na makosa ya herufi nimeyarekebisha.

"Hapa nyamaza. Geukia pazia. Dada hatatoa neno, atakuwa amenuna. Usiogope. Hesabu mpaka arobaini, waache wacheke. Kisha vuta pazia, mshike mkono, mlete mbele. Sema: maneno yote mliyoyasikia humu miaka hii yote, mimi nilikuwa nayasahau, huyu ndiye aliyekuwa nayo. Ondoka jukwaani, mwache peke yake. Makofi ni ya kwake."

Mnasikia? Miaka thelathini na minne mtu hafuati maandishi. Siku moja tu akayafuata, neno kwa neno, na ndiyo siku ambayo mimi sikuwa nayo. Kununa kwangu alikuandika. Kicheko chenu alikiagiza mwenyewe, na idadi akaipanga. Sijui alikuwa amefika ngapi ugonjwa ulipomkuta, kama ni kumi au thelathini, na hakuna atakayejua. Lakini Mzee wa Funguo, wewe unayejificha nyuma ya shada hilo, nyanyua kichwa. Ulicheka mahali pake. Na mimi nilinyamaza mahali pangu. Angeweza kuniambia mapema, angeweza kunipa nichape kama watu wengine wanavyofanya, na miezi saba hii nisingekonda hivi. Lakini kumwambia mtu jambo kabla ya wakati wake hakukuwa desturi yake, na nimekwisha kumsamehe kwa kiasi kinachowezekana leo.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, ambao ni nesi, fundi umeme na mwalimu, wajukuu watano, mashemeji, wenzake wa idara ya maji, mlalamikaji mmoja, mwenye yule mbwa aliyeigizwa, ambaye nimemwona amekuja na kitambaa, na viti sitini na viwili. Amemwacha pia dada yake.

Makofi mliyonayo, kaeni nayo. Hapa si mahali pake, na mimi sikuja kupigiwa. Nimekaa nyuma ya pazia muda wote huo, leo nimesimama mbele, na wasifu huu nimeuandika, nimeuchapa na nimeusoma wote kama ulivyo, bila kuruka wala kuongeza, ili angalau mara moja aone inavyofanywa.

Lala salama, mdogo wangu. Ukisahau neno huko uliko, nyamaza tu, watadhani umekusudia. Wazuie hivyohivyo mpaka nifike.